Mfungo wa agiyaras unahesabiwaje? Daftari langu limegoma

Mboga_Sokomatola aliuliza:

Habari za jioni wakuu, poleni na mvua. Nina swali linaweza kuonekana la ajabu ila kwangu ni la ugali.

Mi nauza mboga na matunda hapa Sokomatola, Mbeya, nina wateja wa kudumu familia kama tano hivi za Uhindini na mbili za Forest, oda zao napeleka mwenyewe na bodaboda. Sasa kuna siku hawa watu wanabadilika ghafla. Mama mmoja ambaye siku zote anachukua bamia, biringanya, maharage mabichi na nyanya, siku hiyo hataki hata kuviona, anataka viazi mviringo, viazi vitamu, ndizi kisukari, papai, parachichi na karanga mbichi sado moja. Nikimuuliza anasema leo agiyaras bwana, tunafunga. Nyumba nyingine wanaita ekadashi ila naona ni kitu kilekile. Nikasema poa, kama wana ratiba na mimi nijipange, nikafungua daftari nikawa naandika kila wakifunga. Mwanzoni nikaona ni kila baada ya siku 15, nikajiona mjanja. Kumbe bado. Mara zinakuja siku 14, mara 15, kuna moja ikaja 16. Mwezi uliopita nikajiamini nikachukua mikungu miwili ya kisukari ya Tukuyu na tenga zima la mapapai yaliyoiva kwa hesabu zangu, nafika getini mama ananiangalia tu, "si leo bwana, kesho kutwa". Papai lililoiva linakusubiri mpaka kesho kutwa? Niliyamaliza Kabwe pale kwa bei ya kutupa, ndizi angalau tulikula nyumbani wiki nzima mpaka watoto wakaanza kunikimbia.

Na kuna kitu kinanivuruga zaidi. Siku moja nyumba hii imefunga Jumanne, na jirani yao geti kwa geti kafunga Jumatano, na wote wananiambia ndo ekadashi yenyewe. Sasa mwenye makosa nani? Halafu kuna mzee mmoja yeye ni kila Jumatatu tu, hana habari na hizo nyingine.

Naomba anayejua anieleze zinafuata nini. Na tafadhali tusidharau dini ya mtu hapa, mi nataka kujua tu.

kipanga_Uyole:

Mkuu namba ya mama unayo si umuulize tu akutumie ratiba, unahangaika na daftari kama mtu wa sensa 😂

Mboga_Sokomatola:

Nilimuuliza, akaniambia angalia mwezi. Sasa Mbeya hii kuanzia Desemba mpaka sa hivi mawingu tupu, huo mwezi nitauona wapi?

Mama_Tuli:

Mwanangu kwanza nikurekebishe kidogo, wanaofunga hizo siku ni Wahindu, sio kila Mhindi. Wahindi wako wengi, kuna Ismailia, Bohora na Ithnasheri hao ni Waislamu, kuna Singasinga na dini yao, kuna Wagoa utawakuta kanisani. Wahindu ndo wale wazee wetu walikuwa wanawaita Baniani. Nakwambia usije ukampelekea Bohora viazi na ndizi ukamwambia heri ya agiyaras akakushangaa.

Mi nilikaa jikoni kwa Wahindu Iringa miaka tisa, bibi wa ile nyumba ndo alonifundisha. Siku ya agiyaras hamna nafaka na hamna kitu chochote cha jamii ya kunde. Yaani mchele, ngano, mahindi, dengu, choroko, maharage, vyote vinakaa kabatini. Ndo maana anakukatalia maharage mabichi. Biringanya nayo wengi hawaigusi siku hiyo, kitunguu na kitunguu saumu usiviulizie. Chumvi wanatumia ile ya mawe. Kinacholiwa wanakiita farali, ni viazi, matunda, maziwa, mtindi, karanga, na sabudana. Sabudana ni zile punje nyeupe kama shanga, watu wanadhani ni kitu kigeni sana, lakini ni wanga wa muhogo huuhuu. Unailoweka usiku, asubuhi inakuwa laini, unaikaangia bizari nyembamba na pilipili mbichi, unatia viazi vilivyochemshwa na karanga zilizotwangwa, mwisho ndimu. Tamu jamani, mi mpaka leo napika hata sifungi chochote.

Kuna wanaokula mara moja tu, kuna wanaokula siku nzima ila vitu hivyo tu, kuna wa matunda na maziwa peke yake, bibi yule alikuwa wa maji tu mpaka alipozeeka daktari akamkataza. Usiwapime kwa ratili moja.

Kesho yake asubuhi ndo wanafungua, na hapo nafaka inarudi. Mi nilikuwa naamka mapema sana siku hiyo maana wanataka chakula kamili, wali, dengu, mboga za majani, asubuhi asubuhi, kuna muda wake haufai kupita. Kwa hiyo biashara yako usiiangalie siku ya mfungo tu, angalia na kesho yake.

Hiyo ya Jumatatu ni kitu kingine, ni ya Mungu wao Shiva. Kuna wa Jumanne, wa Alhamisi, wa Jumamosi, kila mtu na nadhiri yake. Hizo wala hazikupi shida, zinafuata wiki.

kipanga_Uyole:

Subiri kwanza mama, mtu kafunga na anakula viazi vya kukaanga? Huo mfungo naweza hata mimi

Mwl_wa_Namba:

Mkuu shida ya daftari lako ni kwamba wewe unahesabu siku na wao hawahesabu siku, wanahesabu kitu kinaitwa tithi. Ngoja nieleze kienyeji.

Chukua watu wawili wanakimbia mchakamchaka kuzunguka uwanja wa Sokoine. Mmoja mzee anajikongoja, huyo ndo jua, mwingine kijana, huyo mwezi. Wanaanza sambamba, hapo ni mwezi giza, hauonekani kabisa. Kijana anamwacha mzee, anazidi kumwacha, mpaka anazunguka na kumkuta tena kwa nyuma baada ya siku 29 na nusu hivi. Sasa gawa uwanja vipande 30 sawasawa. Kila kijana akimzidi mzee kipande kimoja, hiyo ni tithi moja imekwisha. Kwa lugha ya darasani duara ni nyuzi 360 kwa hiyo tithi moja ni nyuzi 12. Tithi 15 za kwanza mwezi unakua mpaka unakuwa mpevu, 15 zinazobaki unapungua mpaka giza. Na ekadashi kwa Kisanskriti maana yake ni kumi na moja tu, agiyaras ni hiyohiyo kwa Kigujarati. Ya kumi na moja mwezi unapokua, na ya kumi na moja mwezi unapopungua. Ndo mbili zako za kila mwezi.

Sasa kwa nini 14, 15, 16. Ukigawa hiyo 29 na nusu kwa mbili unapata siku 14 na robo tatu, na mtu hawezi kufunga robo tatu ya siku, lazima iangukie siku nzima. Halafu yule kijana hakimbii mwendo mmoja. Njia ya mwezi kuzunguka dunia haikunyooka kuwa duara safi, akiwa karibu na dunia anakaza, akiwa mbali analegea. Kwa hiyo kuna tithi inaisha kwa saa 19 hivi na kuna inayovuta mpaka saa 26 hivi. Inaweza kuanza saa nane mchana, inaweza kuanza saa tisa usiku, yenyewe haijui habari ya saa zetu.

Ndo wakaweka kanuni, siku inachukua jina la tithi ambayo jua likichomoza linaikuta. Basi hapo ndo penye utamu, maana kuna tithi inaanza baada ya jua kuchomoza na kuisha kabla halijachomoza tena, hiyo inakosa siku kabisa, wanairuka. Na kuna ndefu inakutwa na macheo mawili, inachukua siku mbili. Sasa wewe na daftari lako utaipatia wapi.

Na usichukue kalenda ya India uliyotumiwa wasap ukaifuata kichwakichwa. Jua linachomoza kwao mapema kuliko kwetu, wao saa zao ziko mbele saa mbili na nusu. Tuseme tithi ya kumi na moja imeingia saa 11 alfajiri ya Jumanne kwa saa za hapa. India jua lilishachomoza likakuta bado ni ya kumi, kwa hiyo wao watafunga Jumatano. Mbeya jua linatoka saa 12 na nusu kupita kidogo linakuta ya kumi na moja imo ndani, watu wa huku wanafunga Jumanne. Hata sisi na Dar hatulingani, jua linatutokea huku kama dakika 20 na kitu baada yao. Mara nyingi haileti tofauti, ila tithi ikibadilika katikati ya hizo dakika unaweza kukuta Dar na Mbeya hawako pamoja.

Abu_Sisimba:

Maashallah mwalimu umeeleza vizuri. Kwa hiyo ni kama sisi tu, mwezi mwandamo, tofauti wao wanapiga hesabu na sisi tunasubiri uonekane. Ila nina swali juu ya swali. Sisi Ramadhani inarudi nyuma kama siku 11 kila mwaka, mi nimefunga ikiwa kiangazi nimefunga ikiwa kwenye baridi la Juni hapa mpaka meno yanagongana wakati wa daku. Lakini Diwali yao kila mwaka utaisikia Oktoba au Novemba haiendi popote. Kama wote tunafuata mwezi mbona yao haizunguki?

mtoto_wa_Uhindini:

Salaam wote. Mi ni Mhindu wa hapahapa Mbeya, nimezaliwa Mbeya na baba yangu pia, inawezekana huyu bwana wa mboga hata nyumbani kwetu anafika 😄 Mama Tuli asante, umeeleza jiko letu kuliko mimi. Na kipanga, ndiyo, chipsi tunakula, mafuta safi na chumvi ya mawe basi. Bibi yangu anasema huo sio mfungo ni tafrija.

Abu swali lako zuri. Miezi 12 ya mwezi ni kama siku 354, mwaka wa jua 365, pengo ni hizo 11. Nyie mmeliacha liende, Qurani yenyewe inasema miezi ni kumi na mbili. Sisi tunalijaza. Likifika karibu mwezi mzima, ambayo ni kila baada ya miezi 32 au 33 hivi, tunaongeza mwezi wa 13, unaitwa adhik maas. Kanuni yake ni kwamba kila mwezi jua linatakiwa lihame buruji (moja ya mafungu 12 ya nyota kwenye njia yake), kuna mwezi unaanza na kuisha jua halijahama, basi huo ndo unakuwa wa ziada na unachukua jina la mwezi unaofuata. Mwaka 2023 tulikuwa na Shravan mbili. Mwaka huu 2026 inayojirudia ni Jyeshtha, wa ziada unaanza Mei 17 unaisha Juni 15. Ndani yake watu hawaoani wala kuhamia nyumba mpya, ni mwezi wa sala na kutoa sadaka. Na sikukuu zote za baada yake zinasogea mbele, kwa hiyo Diwali iliyokuwa Oktoba mwaka jana mwaka huu inakwenda Novemba.

Mkuu wa mboga sikia hii. Mwaka wa kawaida una ekadashi 24. Mwaka wenye mwezi wa ziada zinakuwa 26.

Sasa majirani wako. Hamna mwenye makosa. Wapo wanaofuata kanuni aliyoisema mwalimu, jua likichomoza na tithi imo basi imekuwa. Wapo wengine, hasa wafuasi wa miungu Vishnu na Krishna, hao wanataka tithi ya kumi iwe imeshatoka kabisa kabla ya alfajiri, na alfajiri yao wanaipima dakika 96 kabla ya jua kuchomoza. Ya kumi ikiingia hata kidogo ndani ya hizo dakika wanasema siku imechafuka, wanasogea kesho yake. Kwetu mama na shangazi wamewahi kufunga siku mbili tofauti ndani ya nyumba moja, mi siku hizo nakula jiko lenye chakula.

Kingine utakuja kukutana nacho, sisi wa Gujarati mwezi wetu unaisha giza, watu wa India ya kaskazini mwezi wao unaisha mpevu. Ekadashi haibadiliki, siku ni ileile, ila jina la mwezi linapishana wiki mbili. Kwa hiyo Jumatatu za Shravan ambazo watu wengi wanafunga, familia ya kaskazini wanaanza mapema na wa Gujarati wanaanza baadaye, usifikiri wameanza kukuyumbisha.

Abu_Sisimba:

Aisee nimeelewa, ahsante sana ndugu yangu. Aya hiyo naijua ila sikuwahi kufikiri kuna watu upande wa pili wanafanya hivyo mpaka leo.

Mwl_wa_Namba:

Niongeze kidogo kwa sababu wengi hapa ni Wakristo na tunajifanya haya hayatuhusu. Pasaka nayo inafuata mwezi, ni Jumapili baada ya mwezi mpevu wa kwanza kuanzia Machi 21, ndo maana inacheza kati ya Machi 22 na Aprili 25. Mwaka huu tazameni Februari. Mwezi ulikuwa giza tarehe 17. Mahashivratri ya Wahindu, ambayo ni usiku wa tithi ya 14 ya mwezi unaopungua, ilikuwa tarehe 15. Jumatano ya Majivu tarehe 18. Na Ramadhani ikaanza siku hizohizo mwezi ulipoandama. Dini tatu zimeingia kwenye mfungo ndani ya wiki moja kwa sababu ya giza lile moja.

Mboga_Sokomatola:

Kumbe!! Ndo maana viazi vitamu na ndizi vilipanda vile mwezi wa pili nikawa nalaumu madalali.

Mama_Tuli:

Usiwasamehe haraka mwanangu, madalali nao wamo 😂

Nimekumbuka kitu kingine cha kukuokoa. Mwezi wa nane au mwanzoni mwa wa tisa kuna siku jiko haliwashwi kabisa, wanaita Shitala Satam, wanakula vya baridi vilivyopikwa jana yake. Jana yake ndo tunapika kutwa nzima mpaka miguu inavimba, na oda ya mboga siku hiyo ni kubwa. Siku ya Satam yenyewe ukienda getini utarudi na mzigo wako. Kesho yake ni Janmashtami, kuzaliwa Krishna, wanafunga mpaka usiku wa manane, hapo peleka matunda na maziwa.

mtoto_wa_Uhindini:

Hahaha Mama Tuli wewe ni panchang inayotembea (panchang ndo kalenda yetu yenyewe). Na mimi nitoe tahadhari moja. Mwishoni mwa Juni inakuja Nirjala Ekadashi, nirjala maana yake bila maji. Wanaofunga ile kikweli hawali na hawanywi kitu mpaka kesho yake. Hadithi yake inamhusu Bhima kwenye Mahabharata, utenzi wetu wa kale, alikuwa mlaji hatari, njaa haivumilii, akaambiwa basi wewe funga hii moja kavukavu itahesabika kama umefunga zote za mwaka. Siku hiyo kwetu usilete kitu, bibi akisikia harufu ya papai atakufukuza. Na kuanzia katikati ya mwaka mpaka baada ya Diwali kuna ile miezi minne ya chaturmas, familia nyingi biringanya zinakatwa kabisa, sio siku ya mfungo tu. Punguza biringanya kwenye oda zetu.

Kwa ratiba, zipo programu za simu za panchang, ila ukifungua uchague mji, andika Mbeya, usiache New Delhi. Ikionyesha siku mbili tofauti kwa ekadashi moja ujue ndo mambo ya majirani, wapigie simu wote wawili.

kipanga_Uyole:

Mi nimekuja kucheka naondoka na elimu. Ila hizo chipsi za chumvi ya mawe zinauzwa wapi?

Mboga_Sokomatola:

Wakuu ndaga fijo, nimerudi na mrejesho. Nimepakua hiyo programu nikaweka Mbeya, nikakaa na daftari langu nikarudi nyuma mpaka Januari. Zinaingia karibu zote, moja tu ndo haikai, na hiyo moja ndo ile ya majirani, programu yenyewe inaonyesha siku mbili. Ile ya siku 16 nayo ipo palepale, nilifikiri niliandika nikiwa na usingizi.

Jana nikampelekea mama daftari akalisoma lote, akamwita mumewe aje aone, wakacheka sana, akaniuliza nimekuwa baniani lini. Nikamwambia mwezi wa ziada unaanza Mei 17, akanyamaza kidogo akaniuliza nani kakwambia. Tumekubaliana oda ya jioni kabla ya mfungo iwe ndizi, viazi, karanga, na kesho yake ya mfungo niwe getini kabla ya saa moja na nusu na bamia na mchicha, akasema nikifika saa mbili nimechelewa. Mapapai nachukua mabichi mabichi, yakiiva yatanikuta nimejipanga.

Mtoto wa Uhindini, kama ni ile nyumba ya geti la bluu yenye mbwa wawili, bibi anadaiwa elfu nne ya karanga.

mtoto_wa_Uhindini:

Geti letu ni la kijani. Ila nitamwambia bibi wa geti la bluu, tunaonana naye hekaluni Jumapili.